Waliogeukia Ukuta

Kinyago ambacho Walega wa Pangi hukiita lukwakongo ni kidogo, hakizidi sana kiganja cha mtu mzima. Ni cha mbao, uso wake umepakwa chokaa nyeupe, na kidevuni kinaning'inia ndevu za nyuzi. Ukikikuta kwenye kabati la kioo huko Brussels au New York utadhani kilitengenezwa kwa mtoto, maana hakifuniki hata nusu ya uso. Lakini mwenye kukimiliki hakukivaa usoni tu. Alikibandika kichwani, akakifunga mkononi, akakitundika uani, akakishika kwa zile ndevu na kukiburuta chini kama mbuzi mkaidi, huku ngoma ikilia na methali zikiimbwa. Kwa methali hii kinyago kilikuwa mzee mwenye hekima. Kwa ile, mtu aliyeharibu mambo kwa mdomo wake. Methali ikikosekana, kilibaki kipande cha mti.

Pangi ni eneo la msitu na mito katika mkoa wa Maniema nchini Kongo, mashariki mwa Kindu na mto Lualaba. Wageni wengi wa karne ya 20 walilijua kwa bati la Kalima na Kampene. Walega wenyewe walilijua kwa Bwami, chama kilichoshika elimu, heshima na adabu ya jamii nzima. Mtu alikipanda ngazi kwa ngazi, kwa mali na kwa mwenendo, mpaka akafika kindi, ngazi ya juu kabisa kwa wanaume. Wanawake walikuwa na ngazi zao, na mke wa kindi ndiye aliyeingia bunyamwa. Vitu vya chama viliitwa masengo, yaani vitu vizito. Vilikaa vikapuni, vikatolewa kwa siku yake, mbele ya watu wake, na aliyevitoa alikuwa na haki ya kuvitoa.

Mapema kabisa walifika watu wenye kamera. Ofisa Mbelgiji Charles Delhaise alichapisha mwaka 1909 kitabu kizima juu ya watu aliowaita Warega. Mwaka 1948 serikali ya kikoloni ilikipiga Bwami marufuku. Chama ambacho hakikuwa na mfalme wala jeshi, ambacho silaha yake kubwa ilikuwa methali, kilionekana hatari kwa sababu shughuli zake zilifanyika pale ambapo mtawala hakualikwa. Masengo yakafichwa. Mengine yakachukuliwa, mengine yakauzwa, yakaanza safari ya kwenda kwenye yale makabati ya kioo.

Kijana Mbelgiji mwingine, Daniel Biebuyck, mtafiti wa taasisi ya IRSAC iliyokuwa na makao yake Lwiro karibu na Bukavu, alianza kazi kwa Walega mwaka 1952, marufuku ikiwa bado mbichi. Alivumilia, akasikiliza, na wenyewe wakamkaribisha kwenye shughuli walizokuwa wakiziendesha chini ya pua ya serikali. Kitabu chake kikubwa, Lega Culture, kilitoka mwaka 1973, na uzito wake uko kwenye jambo moja: kila kitu kinatajwa pamoja na maneno yaliyosemwa juu yake, na mahali kilipotolewa. Mwaka 1967 alifika pia Eliot Elisofon, mpiga picha maarufu wa jarida la Life, na kuwapiga wazee wa Bwami picha za rangi. Picha zake ziko Washington, kwenye hazina yenye jina lake.

Bwami haihusiani na mambo ya nani anampenda nani, na si haki kuivuta huko kwa nguvu. Lakini Pangi inatupa swali la kuanzia, na swali hilo ni kubwa kuliko msitu wake. Mpiga picha akifika kwa watu walioamriwa kujificha, nani amempa ruhusa ya kuwaonyesha? Na maneno yao yatakuwa wapi picha ikishafika mbali? Kwa miaka 40 iliyopita, kutoka Delhi hadi Kampala, hakuna waliolijua swali hilo kwa uchungu kuliko mashoga, wasagaji na watu waliobadili jinsia, pamoja na wapiga picha waliotaka kuweka kumbukumbu ya maisha yao.

Kongo yenyewe ina hali ya peke yake katika ukanda huu. Wabelgiji hawakuacha kifungu cha kuadhibu mapenzi ya jinsia moja, na Bunge la Kinshasa, licha ya miswada kadhaa, halijapitisha kimoja. Katiba ya mwaka 2006, katika ibara ya 40, inatambua ndoa na mtu wa jinsia nyingine tu, na polisi anayetaka kumkamata mtu hutumia vifungu vya kuvunja maadili ya umma. Kwa hiyo hakuna kesi kubwa ya kuandikwa magazetini, na hakuna picha kubwa pia. Mtu wa Pangi ana uso wake mahali pamoja pa hakika: kwenye kadi ya mpiga kura, ambayo tangu uchaguzi wa 2006 inafanya kazi ya kitambulisho nchini kote. Picha hiyo anaibeba mfukoni, anaionyesha kwenye kizuizi cha barabara, anatoa nakala yake benki. Serikali ndiyo iliyoomba uso huo.

Vitambulisho vina historia ya ajabu katika upigaji picha wa Afrika ya Mashariki, na mji wa Gulu, kaskazini mwa Uganda, unaisimulia vizuri kuliko chuo chochote. Studio kongwe ya mji, Gulu Real Art Studio, ilikuwa na mashine iliyotoa picha nne za pasipoti kwa mpigo. Mteja aliyehitaji picha moja tu hakutaka kulipia nne. Mwenye studio akapata ujanja: alimpiga mteja picha ya kawaida akiwa amekaa kwenye kiti, mbele ya pazia, kisha akakata uso kwa kikata maalumu cha umbo la mstatili na kumpa. Kilichobaki ni mwili wenye koti la kuazima, mikono iliyowekwa magotini, na dirisha tupu pale palipokuwa na kichwa. Mabaki hayo yalitupwa. Mpiga picha Mtaliano Martina Bacigalupo aliyaona, akayaomba, akayakusanya, na mwaka 2013 yakawa kitabu.

Bacigalupo alikuwa akiishi Bujumbura, na kabla ya Gulu alishafanya kazi nyingine ambayo nyuso zake zilikosekana kwa sababu kali zaidi. Mwezi Aprili 2009 Burundi ilipata kanuni mpya ya adhabu. Kanuni hiyo hiyo iliyofuta adhabu ya kifo ilileta, kwa mara ya kwanza katika historia ya nchi, kifungo kwa mapenzi ya jinsia moja. Miezi michache baadaye shirika la Human Rights Watch lilitoa ushuhuda wa Warundi wenyewe ukiwa na picha za Bacigalupo. Picha hizo zinaonyesha mikono, vivuli, migongo, chumba chenye kitanda kimoja. Jicho lililozoea kutafuta macho ya mtu kwanza linahangaika, kisha linaanza kusoma vitu vingine: kucha, mkao wa bega, viatu vilivyopangwa mlangoni.

Kampala ndipo swali lilipogeuka kuwa la uhai na mauti.

Tarehe 2 Oktoba 2010, gazeti dogo lililoanzishwa mwaka huo huo, Rolling Stone, lisilo na uhusiano wowote na jarida la muziki la Marekani, lilitoka na ukurasa wa kwanza uliodai kufichua picha za mashoga 100 wakubwa wa Uganda. Pembeni mwa nyuso kulikuwa na maneno mawili ya Kiingereza yenye maana ya "wanyongeni". Ndani mlikuwa na majina na mahali watu wanapoishi. Mhariri wake, Giles Muhame, alikuwa kijana aliyetoka chuoni. Mmoja wa watu wawili waliowekwa mbele kabisa alikuwa David Kato, mwalimu na mtetezi wa shirika la Sexual Minorities Uganda, ambaye hakuwa mgeni wa kujulikana. Wengine kwenye orodha hawakuwahi kusimama mbele ya umati wowote. Picha zao nyingi zilikuwa za kawaida mno, za sherehe na za kukaa na marafiki, aina ile ambayo mtu hupiga akiwa amefurahi na hafikirii.

Hapo ndipo palipo na ukatili wa tukio lile, na ndiyo maana linastahili kukaa kwenye historia ya upigaji picha na si ya magazeti peke yake. Hakuna picha iliyochongwa wala kughushiwa. Ziliporwa tu maneno yake. Mtu aliyekuwa akitabasamu kwenye siku ya kuzaliwa ya rafiki yake alijikuta akitabasamu chini ya wito wa kumnyonga.

Kato na watetezi wenzake, Kasha Jacqueline Nabagesera na Pepe Onziema, walikwenda Mahakama Kuu. Walijua njia hiyo, kwa kuwa mwaka 2008 mahakama hiyo hiyo ilishawapa ushindi mtetezi Victor Mukasa na mwenzake baada ya viongozi wa mtaa kuvamia nyumba ya Mukasa. Jaji Kibuuka Musoke aliamua kwamba haikuwa kesi ya ushoga, ilikuwa kesi ya haki ya mtu kutunza faragha na heshima yake, na kwamba kumwanika mtu pamoja na anwani yake na kuita anyongwe ni kuvunja haki hizo. Gazeti likazuiwa kuchapisha nyuso nyingine, na kila mlalamikaji akapewa shilingi 1,500,000 za Uganda. Hukumu ilijulikana mwanzoni mwa Januari 2011. Tarehe 26 ya mwezi huo huo Kato aliuawa kwa nyundo nyumbani kwake Mukono. Polisi walisema ni ugomvi na wizi, na mwanamume mmoja alihukumiwa kifungo cha miaka 30. Marafiki wa Kato hawakuacha kuukumbuka ule ukurasa wa kwanza.

Mazishi yake yalikuwa na kamera. Watengeneza filamu wawili, Katherine Fairfax Wright na Malika Zouhali-Worrall, walikuwa wamemfuata Kato kwa muda wa zaidi ya mwaka wakitengeneza filamu ya maisha yake, na sasa walijikuta wakiiandika kwa msiba. Filamu inaonyesha mhubiri akishika kipaza sauti mazishini kuwashambulia mashoga waliokuja kumzika mwenzao, na waombolezaji wakimnyang'anya kile kipaza sauti. Inamwonyesha pia askofu mzee Christopher Senyonjo, aliyetengwa na kanisa lake kwa kuwahudumia. Ilipewa jina Call Me Kuchu, ikaonyeshwa mara ya kwanza Berlin mwezi Februari 2012, na kushinda tuzo ya Teddy. Kuchu ndilo jina ambalo watu hao wa Uganda hujiita wenyewe kwa wenyewe, na wengi husema asili yake ni Kiswahili. Pwani na bara vimebadilishana maneno mengi, likiwemo hili ambalo kamusi zimeliacha mlangoni.

Mwaka ule ule wa gazeti la Rolling Stone, mpiga picha kutoka Slovenia aliyekuwa akiishi Kampala, Tadej Žnidarčič, alipata njia yake. Aliwaomba mashoga, wasagaji na watu waliobadili jinsia wasimame wakiutazama ukuta. Kila mmoja anaonekana kwa mgongo, katikati ya fremu, pembeni mwa maneno yake mwenyewe juu ya familia, kazi na hofu. Ukizipitia kwa haraka zinafanana na mstari wa watuhumiwa kituoni, isipokuwa kwamba hapa ndiye aliyesimama anayeamua kutogeuka. Mmoja amevaa shati lililopigwa pasi hadi kola ikasimama. Wengine wamesuka. Mgongo, ukipewa muda, una habari.

Inafaa kusema wazi kwamba mgongo pia una mipaka yake. Picha za namna hii zilipoongezeka, wahariri wa Ulaya walizizoea, na shoga wa Afrika akaanza kuwa kivuli dirishani: mtu asiye na uso, mwenye historia moja tu, ile ya kutishwa. Wanaharakati wa Kampala wenyewe walichoshwa na hilo. Nabagesera, ambaye uso wake ulikuwa umeshaanikwa na maadui zake, alijibu mwishoni mwa 2014 kwa kuanzisha jarida, Bombastic. Ndani yake watu walieleza maisha yao kwa kalamu zao, wengine kwa majina na nyuso zao kabisa, na nakala zikagawiwa bure Uganda, kwenye maofisi na mitaani, mahali pale pale ambapo gazeti la Red Pepper lilikuwa limeanza kuchapisha orodha yake ya watu 200 mwezi Februari mwaka huo, siku moja baada ya Rais Museveni kutia saini sheria mpya. Mahakama ya Katiba iliifuta sheria hiyo Agosti 2014. Iliyofuata, ya Mei 2023, ni kali kuliko ile: kwa baadhi ya makosa ina adhabu ya kifo, na "kueneza" mapenzi ya jinsia moja kunaweza kumfunga mtu miaka 20. Anayechapisha picha leo anajiweka kwenye fremu hiyo hiyo.

Nairobi walijaribu njia nyingine. Kikundi cha wasanii cha NEST Collective kilikusanya kwa kinasa sauti simulizi za Wakenya waliopenda watu wa jinsia yao, kisha kikazigawa: sauti na matukio yakabaki ya wenyewe, nyuso zikawa za waigizaji. Filamu yao ya rangi nyeusi na nyeupe, Stories of Our Lives, iliyoongozwa na Jim Chuchu, ilionyeshwa Toronto Septemba 2014, na bodi ya filamu ya Kenya ikaipiga marufuku mwezi uliofuata. Mtayarishaji mmoja alikamatwa kwa kudaiwa kupiga filamu bila leseni. Mwongozaji Wanuri Kahiu aligongana na marufuku ya bodi ile ile mwaka 2018 kwa filamu ya Rafiki. Mahakama ilimfungulia sinema kwa siku saba. Mwaka 2021 ikafuata I Am Samuel ya Peter Murimi, na hii haikuwa hadithi ya kuigiza, ilikuwa maisha ya mtu halisi, baba yake, shamba lao na mpenzi wake. Nayo ilipigwa marufuku.

Uhusiano wa haya yote na Asia ni wa karatasi kwanza. Waingereza waliandika Kanuni ya Adhabu ya India mwaka 1860, na kifungu chake cha 377 kiliharamisha walichokiita kujamiiana kinyume na maumbile. Kanuni hiyo ya Kihindi ndiyo waliyoileta kuongoza Afrika Mashariki, mpaka zilipoandikwa kanuni mpya kuanzia 1930, na maneno yale ya kinyume na maumbile yakahamia humo. Yako bado: kifungu cha 162 Kenya, cha 154 Tanzania, na Uganda pia. India, yalikoanzia, Mahakama ya Juu ililegeza kifungu cha 377 tarehe 6 Septemba 2018. Mtoto amebaki na nguo ambayo mama yake ameshaivua.

Chini ya kifungu hicho, miaka zaidi ya 30 kabla ya hukumu, Sunil Gupta alirudi Delhi alikozaliwa. Familia yake ilikuwa imehamia Kanada, naye akawa mpiga picha London. Mwaka 1986 na 1987 alipiga mfululizo aliouita Exiles, wageni kwao: wanaume wa Kihindi wakiwa India Gate, kwenye makaburi ya wafalme, bustanini, mahali ambapo watalii hupiga picha za ukumbusho. Wengi wamegeuka, au uso umekatwa na ukingo wa picha. Chini yake kuna maneno ya mazungumzo, mengine ya kuchekesha, juu ya ndoa ambayo wazazi wameshaipanga. Aliwaahidi kwamba picha hazitaonyeshwa India, na kwa miaka mingi zilikaa nje. Kilichomsukuma, kama alivyoeleza mara nyingi, ni kwamba alipokuwa akisoma historia ya sanaa hakuona shoga wa Kihindi mahali popote, kana kwamba hajapata kuwapo.

Miaka michache baadaye, mwaka 1989, gazeti la London lilimtuma kijana Dayanita Singh kuwapiga picha mahijra wa Delhi. Hijra ni jamii ya zamani ya India: wengi walizaliwa wakahesabiwa wanaume, wanaishi kama wanawake chini ya guru wao, wanaitwa kubariki harusi na watoto wachanga, na wanaogopwa kwa laana zao. Mtu yule yule anaalikwa kwa shangwe asubuhi na kufukuzwa dukani jioni. Singh alikutana na Mona Ahmed. Walizungumza siku nzima, chai ikaletwa, kamera ikafanya kazi. Mwishoni Mona aliuliza picha zitachapishwa wapi. Aliposikia London, alikasirika: alikuwa na jamaa London, na hawakujua maisha yake. Akaomba filamu. Singh akaifungua kamera, akampa, na kuliambia gazeti kwamba kazi imeshindikana.

Wahariri wangependa mpiga picha mwenye nidhamu kuliko huyo. Lakini urafiki ulioanzia hapo ulidumu hadi Mona alipofariki mwaka 2017. Mona alimlea binti wa kuasili, akafukuzwa na jumuiya yake, akajenga nyumba ndani ya makaburi ya ukoo na kuishi humo na wanyama wake. Singh alipiga yote hayo kwa miaka. Kitabu kilipotoka mwaka 2001, kilikuwa na jina la Mona mbele, Myself Mona Ahmed, na maandishi yake yalikuwa barua pepe alizomwandikia mchapishaji huko Zurich, zikieleza picha kwa namna yake, kwa kujisifu, kwa kulia, na pengine kwa kutia chumvi. Mzee wa kindi angeutambua utaratibu huo mara moja. Kitu kimetoka kikapuni na methali yake, na mwenye kikapu ndiye aliyekiinua.

Mpiga picha Zanele Muholi, aliyezaliwa Umlazi karibu na Durban mwaka 1972, alifika kwenye hitimisho hilo hilo kutokea upande mwingine kabisa. Afrika ya Kusini ilikuwa na katiba inayomlinda, lakini wasagaji weusi wa vitongojini walibakwa na kuuawa. Mwaka 2006 alianza Faces and Phases, picha za rangi nyeusi na nyeupe za wasagaji na watu waliobadili jinsia, kila mmoja akitazama kamera moja kwa moja. Aliowapiga picha hawaiti "vielelezo" wala "modeli". Anawaita washiriki, huwarudia baada ya miaka, na mahali pa aliyefariki huachwa wazi kwenye ukuta wa maonyesho. Kiingereza hupata taabu kidogo kumwandika Muholi, ambaye hataki kuitwa kwa neno la kiume wala la kike. Kiswahili hakina taabu hiyo. Yeye ni yeye, na sentensi inaendelea.

Mwezi Aprili 2012 nyumba ya Muholi Cape Town ilivunjwa. Wezi waliacha vitu vingi vya thamani na kuchukua diski zaidi ya 20 zenye kazi ya miaka, zikiwamo picha za mazishi ya wanawake waliouawa. Ndugu zao wengi hawakuwa na kumbukumbu nyingine. Alianza upya, mtu kwa mtu.

Mpiga picha Robin Hammond wa New Zealand naye alianza mwaka 2014 kazi aliyoiita Where Love Is Illegal, iliyompitisha nchi kadhaa za Afrika, Uganda ikiwamo, na kwingineko duniani. Washiriki walichagua wenyewe nguo, mkao na kiasi cha uso cha kuonyesha. Mmoja alijifunika kitambaa, mwingine alimkumbatia mpenzi wake mbele kabisa ya lenzi. Kisha kila mmoja aliandika kwa mkono wake kisa chake, kwa lugha yake, na kukitia sahihi au jina la kubuni. Na kwa makusudi Hammond alitumia filamu ya zamani inayotoa picha papo hapo. Karatasi ilivutwa kutoka kwenye kamera, wakangoja dakika moja mbili rangi ikae, kisha akamkabidhi aliyepigwa picha. Angeweza kuikubali. Angeweza pia kuichana hapo hapo mezani, na hakungebaki kitu cha kuchapisha.